Debe Tupu Liachwe Livume

Mwezi wa Ramadhani, yapata saa tisa za usiku, mitaa ya Ng'ambo kule Unguja, ya Tanga na ya Mji wa Kale wa Mombasa bado hupitiwa na vijana wenye madebe. Mmoja wao huwa na ngoma ya kweli, mara nyingi ya kuazima. Waliobaki wana dumu la mafuta ya kula, sinia lililotoboka, kopo la maziwa ya unga na vijiti. Wanaamsha watu wale daku. Nyuma yao hufuata watoto ambao mama zao wana hakika wamelala, na hakosekani mzee kibarazani anayeitikia kwa kugonga bakora sakafuni. Hakuna aliyesomea, hakuna aliyelipa kiingilio, na pigo linakaa.

Wahenga wamelionea debe. Wamesema likiwa tupu haliachi kuvuma, na sisi tumeirithi kauli hiyo ya kumnyamazishia kila asiye na la maana. Kuhusu watu wa aina hiyo sina ubishi. Nimekaa vikao vingi. Lakini debe lenyewe nalitetea. Naamini kupiga ngoma kwa pamoja kwa vyombo vya nyumbani ni mojawapo ya sanaa chache zinazoweza kumkalisha mjukuu wa miaka mitano, dada yake wa sekondari na bibi yao katika kazi moja bila hata mmoja wao kugeuzwa mtazamaji. Na sababu yake haihusiani sana na muziki. Ngoma ina wenyewe, debe halina.

Tazama Burundi. Ngoma zao za kifalme, zinazochongwa kwa mti wa umuvugangoma, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akatia saini amri iliyowakataza wanawake kuzipiga na kuvitaka vikundi vipate ruhusa ya wizara. Kwa jirani zao Rwanda mwiko wa wanawake kugusa ngoma ulikuwa wa mila, hadi Odile Gakire Katese alipoanzisha kikundi cha Ingoma Nshya mjini Butare mwaka 2004. Wapigaji wote walikuwa wanawake, na miongoni mwao walikuwamo wafiwa wa mauaji ya 1994 pamoja na wake wa wanaume waliofungwa kwa mauaji hayohayo. Pwani yetu nayo haikuwa uwanja wa wazi. Ngoma kuu na siwa vilikuwa vyombo vya utawala, huendi tu kuvichukua kwa sababu una furaha. Ngoma ya unyago ina kungwi wake, na mwanamume hana analolitafuta pale.

Silalamiki. Chombo kinachobeba heshima ya watu ni haki kiwe na mlezi. Ila sufuria haina mlezi wa namna hiyo. Hakuna ukoo unaoweza kusema dumu la lita ishirini ni lao, wala waziri wa kulitolea kibali. Ndiyo maana kila mahali ambapo watu walinyang'anywa ngoma, au hawakuruhusiwa kuisogelea, mkono ulikwenda jikoni.

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote kiko mbali nasi, katika kisiwa cha Trinidad. Siku za kanivali mjini Port of Spain, wazao wa Waafrika waliotumikishwa mashambani walitoka usiku na mienge, fimbo na ngoma. Mwaka 1881 polisi wa serikali ya Kiingereza walijaribu kuwazuia, yakazuka mapigano barabarani. Mwaka 1884 ikaja sheria: maandamano ya ngoma marufuku. Basi watu wakaenda kukata mianzi. Pande nene na refu liligongwa chini likatoa sauti nzito. Jembamba likapigwa kwa kijiti. Vipande viwili vifupi vikagonganishwa ncha kwa ncha. Sheria ilikuwa imetaja ngoma, haikutaja mianzi. Nimewahi kusikia wanasheria wakijisifia werevu mdogo kuliko huo.

Mianzi ina ubaya wake: hupasuka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa vitongoji vya hali ya chini walikuwa wameshaanza kuchanganya na makopo ya biskuti, makopo ya rangi, mifuniko ya mapipa ya taka na drumu za breki za magari. Likipigwa kwa muda, bati hubonyea, na lililobonyea halitoi sauti ileile. Badala ya kulitupa, vijana wakalisikiliza. Winston Simon, aliyejulikana kwa jina la Spree, ni mmoja wa wanaotajwa sana katika hatua hiyo ya kutafuta noti kwenye bati. Ellie Mannette akalichukua pipa la mafuta, lile la lita zipatazo 200, akaubonyeza uso wake kwa nyundo ukaingia ndani kama bakuli, akaugawa vijisehemu, kila kimoja na noti yake. Mapipa hayakuwa shida. Trinidad inachimba mafuta, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na kambi zao pale. Vita vilipokwisha mwaka 1945 watu walimiminika barabarani, na sauti iliyowatoa ndani ilikuwa ya chuma.

Yaliyofuata ni sifa tupu. Mwaka 1951 kikundi cha wapiga mapipa cha TASPO kilipelekwa London kwenye tamasha kubwa la taifa la Uingereza, na wasikilizaji wakatafuta mahali zilikofichwa nyaya. Mwaka 1992 pipa likatangazwa ala ya taifa. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitengea ala hiyo tarehe 11 Agosti kuwa siku yake duniani. Watu wanapenda kusimulia mwisho huu. Mimi napenda katikati, ile miaka ambayo mzazi mwenye kujiheshimu alimchapa mwanawe akimkuta uwanja wa mapipa, kwa sababu vikundi vilikuwa vikipigana mitaani na jina la mpiga pipa lilikuwa sawa na la mhuni. Leo, katika mashindano ya Panorama yaliyoanza mwaka 1963, kikundi kikubwa hufikia wapigaji 120, na ndani yake mwanafunzi wa shule husimama bega kwa bega na mstaafu. Hawakuanza kwa kupewa vinanda na serikali. Walianza na mfuniko wa pipa la taka.

Havana walipiga masanduku yaliyoletewa samaki mkavu, Peru wakapiga makasha hadi kasha lenyewe likawa ala ya kitaifa. Sitayakalia hayo, maana tunayo ya kwetu, na tumeyazoea mno hata hatuyahesabu.

Anza na kinu. Wanawake wawili au watatu, kinu kimoja. Kila mchi una zamu yake. Ukichelewa kidogo michi inagongana na mtama unamwagika. Waliobobea huuachia mchi hewani, hupiga kofi, kisha huudaka kabla haujaanguka. Hawafanyi hivyo kwa madaha tu. Kofi linajaza nafasi iliyobaki wazi kati ya mapigo, na anayekuja nyuma analitumia kujua mahali pa kuingilia. Visiwani Komoro wanawake wameitoa kazi hii uani wakaifanya ngoma kamili, wadaha, kinu katikati na wachezaji wakikizunguka na michi mikononi. Ukitaka kuelewa jinsi ngoma za Kiafrika zinavyojengwa, achana kwanza na vitabu, kasimame karibu na kinu. Hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila mtu ana kipande, mara nyingi kipande cha kipuuzi ukikisikia peke yake, na wimbo unapatikana katikati ya watu.

Kisha kidumbak ya Unguja, ambayo wenye taarab za kumbini waliitazama kwa jicho la pembeni kwa muda mrefu. Ngoma mbili ndogo ndizo zilizoipa jina. Anayebeba sauti ya chini, ile ambayo katika okestra ingepigwa na besi la bei kubwa, ni mtu mwenye sanduku la mbao lililofunikwa kifudifudi, kijiti na uzi mmoja. Anauvuta uzi kwa kukilaza kijiti, sauti inapanda, anaulegeza, inashuka. Pembeni kuna mkwasa, vijiti vya kugonganisha, na cherewa za kuchezesha. Fidla inaongoza, na harusi haimalizwi mapema. Sanduku hilo zamani liliingia nchini limejaa majani ya chai.

Bara nako kulikuwa na chupa. Wapiga magitaa wa Katanga, wakubwa wa enzi ya Mwenda Jean Bosco, mara nyingi waliandamana na mtu wa kugonga chupa. Magharibi mwa Kenya mtindo wa omutibo, ambao George Mukabi aliupa sifa kabla ya kifo chake mwaka 1963, uliendelezwa na Abana ba Nasery kwa magitaa mawili na chupa ya Fanta. Chupa ile ya kioo ilikuwa na mikunjo ya mviringo mwilini. Ukiikwaruza kwa kipande cha chuma unapata mkwaruzo, ukiigonga unapata mlio, na kwa mchanganyiko wa hayo mawili kikundi hakikuhitaji dramu. Sidhani kiwanda cha soda kilikusudia hivyo.

Na mitaani je? Muuza kahawa huchezesha vikombe vyake kiganjani, na aliye kibarazani anajua nani anakuja kabla hajakunja kona. Kijana wa karanga na sigara hutikisa sarafu. Wapaka rangi za kucha wa Dar es Salaam hugonganisha vichupa vyao wakipita uani kwa watu. Mng'arisha viatu hupiga brashi juu ya kisanduku chake kukuambia ubadilishe mguu. Shule ngapi nchini hazina kengele bali rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni? Mtoto wa mji wa Kiswahili amelelewa ndani ya karakana ya mapigo, kisha tunamwambia hana kipaji cha muziki kwa sababu nyumbani hakuna kinanda.

Wanasayansi nao wamekifikia kipaji hicho kwa njia yao ndefu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa hata mtoto mchanga aliyelala, ubongo wake hutambua pigo lililotarajiwa lisipopigwa. Mwaka huohuo Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, waliwapa ngoma watoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu, na wakaona walishika pigo vizuri zaidi walipopiga na mtu kuliko walipopigiwa na mashine. Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake wakaripoti kuwa waliopiga ngoma, kuimba na kucheza walistahimili maumivu zaidi baada ya hapo, lakini waliosikiliza tu hawakupata faida hiyo. Kwa wenye maradhi ya Parkinson, inajulikana vyema kwamba pigo la kufuata husaidia miguu kutembea. Bibi yangu angewauliza kwa nini ilibidi kupima.

Hapo kwenye kusikiliza na kupiga ndipo penye ugomvi wangu na sherehe zetu za siku hizi. Harusi ina spika mbili ndefu kuliko bwana harusi, na watu mia tatu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitazama simu. Muziki umekuwa kitu cha kukodi pamoja na maturubai. Mashangazi ambao zamani wangekuwa wamekwishashika masinia na vijiko, sasa wanasubiri MC awaite kwa majina wakatoe zawadi.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni la heshima: kwamba kusifu makopo ni kusifu umaskini. Nalielewa. Kuna ushabiki fulani wa wageni unaonikera, wa kumpiga picha mtoto mwenye kopo na kuandika jinsi asivyo na kitu lakini ana furaha. Kinshasa kuna wanamuziki hodari, Konono No. 1 kwa mfano, walioyatumia mabaki ya magari kutengeneza vipaza sauti na vyombo vya kupiga, na dunia ikawashangilia kana kwamba bahati ndiyo iliyoyaunganisha mabaki hayo. Kuunganisha sumaku ya gari bovu hadi ikuze sauti ya likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ni ufundi. Kulipiga nyundo pipa hadi litoe noti ni ufundi. Mannette hakulipenda pipa kwa sababu alikuwa maskini; alilipenda kwa sababu aliweza kulirekebisha, na alitumia maisha yake akilirekebisha. Na wapo wasio na shida yoyote waliochagua ndoo. Kikundi cha Stomp kilichoanzia Brighton, Uingereza, mwaka 1991, kilijaza ukumbi mmoja New York tangu 1994 hadi Januari 2023 kwa mafagio, mapipa na viberiti. Tiketi hazikuwa za bei ya debe.

Pingamizi la pili ni kelele. Hili silipuuzi, maana bati ndani ya chumba chenye paa la bati ni adhabu kwa masikio, na masikio yakiharibika hayatengenezeki. Wenye mamlaka wana sababu nyingine ya kuichukia kelele hii, nayo si ya kitabibu. Usiku wa tarehe 19 Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha na uchaguzi haujafanyika, wakazi wa Kinshasa walipiga sufuria na filimbi ilipotimia saa sita. Chile sufuria tupu zilipigwa mwaka 1971 dhidi ya Rais Allende, na katika miaka ya 1980 zikapigwa dhidi ya Jenerali Pinochet aliyempindua. Sufuria haina chama. Ni vigumu kumkamata bibi aliyesimama dirishani kwake na mwiko.

Lakini sikukusudia siasa. Nilikusudia Jumamosi alasiri, uwanja wa shule ya msingi au kivuli cha mwarobaini wa mtaa, na watu thelathini wa rika zote. Wanaoendesha mambo haya vizuri nimewaona wakifuata taratibu ambazo hazimo kwenye mtaala wowote. Pigo la chini, lile la vumi, wanampa mzee akae na ndoo ya rangi ya lita ishirini aliyoigeuza kifudifudi, au dumu tupu. Wengi humpa kijana kwa sababu ana nguvu, kisha wanashangaa kwa nini wimbo unakimbia. Kijana hukimbia. Mtu wa miaka sabini hana haraka, na pigo la chini halitaki kingine. Vijana wapewe kazi ya chapuo, makopo na vijiti, mapigo ya juu yenye kuingiliana, wachoke wenyewe. Watoto wadogo wapewe vya kutikisa, chupa ya maji yenye mchele kidogo ndani, mfuniko ukiwa umebanwa kwa gundi, vinginevyo mchele utaliwa au utamwagwa. Masinia na mifuniko ya sufuria yasizidi mawili, na yapigwe kwa mwiko wa mbao, si kijiko cha chuma. Mwenye mikono inayotetemeka asipewe fimbo. Apewe ungo wenye kunde, utetemeke naye.

Na kiongozi aanze na kipande kimoja kifupi, akae nacho hadi watu wachoke kukifikiria. Walimu wetu wana pupa ya kufundisha la pili. Kati ya dakika ya tano na ya kumi kitu hugeuka: wale waliokuwa wakihesabu kwa midomo wanaacha kuhesabu, vichwa vinainuka, watu wanaanza kutazamana. Hapo ndipo kipande cha pili kiingie. Nikiulizwa, nusu saa inatosha, na maghrib iwakute wameshamaliza, mwenye mgonjwa ndani apumzike.

Shule nyingi zitasema hazina fungu la ala. Ni kweli, na hata zilipo, naijua shule moja ambayo ngoma zake nzuri za ngozi hufungiwa stoo na hutolewa akija mgeni rasmi, watoto wakapewa siku mbili za kujifunza kuzipiga kwa woga wa kuzichana. Hizo zibaki stoo. Fungu litafutwe kwa ajili ya mtu. Kila kata ya pwani, na nyingi za bara, ina mwanamke mzee aliyewahi kupiga msondo au kuongoza vugo la harusi, anayebeba kichwani mapigo ambayo hayajaandikwa na mtu, na ambaye hajawahi kuitwa shuleni isipokuwa kumchukua mjukuu aliyepata homa. Aitwe mara moja kwa wiki, aoneshwe ndoo na makopo yaliyopo, aachwe apange watu anavyojua yeye. Alipwe kama wanavyolipwa wakufunzi wa semina, kwa bahasha na saini, nauli mbali, na isiwe khanga na soda.